Mayai ya Mgeni

Asubuhi nyumbani kwa Fundi Betri ilianza kwa kelele za kuku. Kuku walikuwa wa mama yake, na kila mmoja alikuwa na jina. Mwanasheria alibishana na kila aliyepita. Kiguu alichechemea, lakini chakula kikimwagwa alikuwa wa kwanza kufika. Bimkubwa, mweupe na mnene, hakukanyaga uani hata siku moja. Alilala kwenye kikapu chumbani na kulishwa mtama mkononi.

Majirani walimwita mama huyo Bibi Kuku. Hakuchukia. Alisema kuna watu wenye majina mabaya zaidi na hawana hata yai.

Kila asubuhi Bibi alichemsha yai la mjukuu wake. Mtoto huyo alikataa kabisa kula yai kwa mkono. Lazima achote kwa kijiko. Basi wakamwita Kijiko.

Lakini siku hizi Kijiko hakumaliza yai. Alisema tumbo linamsokota. Zamani alikimbia nyumba nzima. Sasa alikaa mlangoni, amejiinamia. Mama yake, ambaye ni mshonaji, alisimamisha cherehani mara kwa mara ili kumpapasa paji la uso. Joto hakuna. Bibi alikuwa na dawa moja tu: yai la pili.

Chumba cha pembeni alipanga dada mmoja aliyefanya kazi kwenye maabara ya kupima chakula, maji, udongo na hata damu. Mtaani aliitwa Mpimaji. Jumamosi moja alikuwa anaanika nguo akawaona kuku wakioga vumbi kwenye kona ya ua. Hapo halikuota hata jani. Akamuuliza Fundi kona ile ilikuwa na nini.

Fundi akajibu kwa fahari. Pale ndipo alipoanzia kazi, kabla hajapata kibanda barabarani. Alivunja betri chakavu za magari na kuyeyusha risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani yake.

Mpimaji akaliweka shati chini, kwenye beseni.

"Kaka, Kijiko anakula mayai ya kuku hawa?"

"Kila siku. Si ndiyo yanayomjenga?"

Mpimaji akaomba waitwe wote. Akawaeleza taratibu. Risasi haiozi. Inabaki kwenye udongo miaka na miaka. Kuku anadonoa udongo kutwa. Kilichomo kwenye udongo kinaingia kwa kuku, na kilichomo kwa kuku kinaweza kuingia kwenye yai.

"Basi nitalichemsha zaidi," alisema Bibi.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, Bibi. Risasi si kijidudu. Ukichemsha jiwe, litabaki jiwe."

Bibi akajibu kwamba yeye amekula mayai hayo siku zote na bado anabeba ndoo kichwani. Mpimaji hakubisha. Alisema mwili wa mtu mzima unanyonya risasi kidogo. Mwili wa mtoto unanyonya nyingi zaidi, na ubongo wake bado unajengwa. Mtoto anaweza kuumwa tumbo, akachoka, na baadaye akapata shida darasani bila mtu kujua sababu.

"Sisemi mayai yana sumu," alisema. "Nasema hatujui. Macho hayaoni na ulimi hauonji. Tupime. Kwa sasa Kijiko apumzike mayai, na mumpeleke zahanati akapimwe damu."

Bibi aliwatazama kuku wake.

"Na wakikutwa nayo, mtawachinja?"

"Hachinjwi mtu hapa," alisema Mpimaji, na hata Bibi akacheka.

Mpimaji alichota udongo mwenyewe, kwa kijiko safi, sehemu mbalimbali za kona, akautia kwenye mifuko mipya. Mayai akamwachia Bibi ayakusanye. Jumatatu Bibi alimkabidhi mayai makubwa, meupe, yaliyofutwa yakang'aa. Mpimaji alikuwa anachelewa kazini. Alishukuru, akaondoka nayo.

Siku ya majibu, Mpimaji alifika jioni kabla hata ya kuweka mkoba wake chumbani. Wakaketi mkekani. Alianza na damu ya Kijiko. Zahanati ilikuwa imeipeleka kwenye maabara yao, na ilikuwa na risasi. Haikuwa nyingi ya kumlaza hospitali, lakini haikupaswa kuwamo. Mama Kijiko akamvuta mwanawe mapajani.

Udongo wa kona, aliendelea Mpimaji, ulikuwa umejaa risasi. Lakini mayai hayakuwa nayo.

Bibi alipiga kigelegele kifupi. Akasema yeye alijua tangu mwanzo, udongo ni udongo na yai ni yai. Akainuka hapo hapo, akabandika sufuria jikoni ili mjukuu wake ale yai lake baada ya siku zote zile za kunyimwa. Mpimaji alibaki amekunja uso. Kuku wanaoga humo, wanadonoa humo, kisha mayai yao hayana kitu? Hesabu haikumwingia akilini.

Kijiko alikwisha chukua kijiko chake. Aliuliza, "Bibi, na mimi leo nitakula la Bimkubwa?"

"La Bimkubwa la nini? Yale ni ya wageni."

"Lakini Shangazi Mpimaji ulimpa ya Bimkubwa."

Maji yalianza kutokota.

Mpimaji alimgeukia Bibi. "Bibi, mayai uliyonipa yalikuwa ya nani?"

"Ya Bimkubwa, kwani ya nani?" Bibi alishangaa kuulizwa. "Mwanangu, mtu akikuomba mayai, unampa madogo ya Kiguu, yenye kinyesi? Mgeni hupewa kilicho bora. Ningeonekanaje huko maabara?"

Mpimaji alicheka mpaka akafuta machozi. Mama Kijiko naye akacheka. Bibi aliwaangalia kama watu waliopandwa na wazimu.

"Kosa ni langu," alisema Mpimaji alipotulia. "Nilikwambia lete mayai, sikukwambia mayai gani. Bibi, maabara si mgeni. Maabara ni mtu wa nyumbani. Inakula mnachokula nyinyi. Bimkubwa halali uani, haogi kwenye ile kona, na Kijiko hali mayai yake. Tumepima yai ambalo mtoto hajawahi kulionja."

"Mficha uchi hazai, Mama," alisema Fundi.

"Wewe ndiye uliyemwaga risasi uani. Nyamaza."

Lakini Bibi mwenyewe ndiye aliyeiepua sufuria.

Safari hii Mpimaji alikusanya mayai pamoja na Bibi. Walichukua kutoka kila kiota, bila kuchagua, makubwa kwa madogo. Ya Kiguu yalikwenda na kinyesi chake, na Bibi aligeuza uso pembeni yalipokuwa yanapakiwa. Mpimaji alimtuliza: huko maabara huoshwa vizuri kwanza, ndipo huvunjwa, huchanganywa, na kuyeyushwa kwa tindikali kali. Kisha mashine husoma madini yaliyomo. Inaweza kugundua kiasi kidogo sana, kama mtu anayetafuta punje ya chumvi ndani ya gunia la sukari.

Mashine iliigundua risasi.

Bibi alipoambiwa, hakubisha tena. Alikaa kwenye kigoda chake akakunja kanga mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Alisema tumbo linamsokota," alisema kwa sauti ndogo. "Nikampa la pili."

"Ulimpa kwa mapenzi, Bibi," alisema Mpimaji. "Wengi hujua mtoto akishaharibikiwa. Nyinyi mmejua mapema, na dawa kubwa ni kuifunga njia ya sumu."

Wakaanza kuifunga. Zahanati ilishauri Kijiko anawe mikono kila mara kabla ya kula, apewe maharage, mboga za majani na maziwa, na arudi kupimwa. Fundi alitaka kuchukua koleo aichimbe kona ile siku hiyo hiyo. Mpimaji akamzuia. Vumbi lake likipaa, watalivuta wote. Maofisa wa mazingira walikuja na barakoa na glavu. Waliulowesha udongo kwanza, wakauchimba wa juu, wakaufunga na kwenda nao kunakotupwa taka za sumu. Paliposalia pakamwagwa zege.

Fundi naye alibadilika. Betri chakavu havunji tena. Huziuza nzima kwa kiwanda chenye kibali. Nguo za kazi huziacha kibandani, na haingii ndani wala kumbeba mwanawe kabla ya kuoga. Mkewe aliwaambia wateja wake kwamba siku hizi mumewe ananukia kama bwana harusi kila jioni.

Kuku walijengewa banda la kuinuliwa, lenye wavu na sakafu ya mbao. Waliwekewa karai la mchanga safi wa kuogea. Mwanasheria alilalamika kutwa nzima, kisha akaingia karaini na kukataa kutoka.

Mayai yao hayakuliwa wala kuuzwa. Maofisa waliyachukua yakatupwe na ule udongo. Yalipopimwa tena, risasi ilikuwa imepungua, lakini ilikuwepo. Bibi aliguna, akangoja. Mwili wa kuku nao husafika polepole. Yalipopimwa mara nyingine, yakawa yanafaa kuliwa. Na damu ya Kijiko? Ilikuwa inashuka kila alipopimwa. Mlangoni hakai tena. Ukimtafuta, fuata kelele.

Jumapili iliyofuata Bibi alimkaribisha Mpimaji kwa chai. Kijiko alikuwa ameketi mbele ya yai kubwa, jeupe, analichota bila kupumua. Lilikuwa la Bimkubwa.

Kisha Bibi akamwekea Mpimaji sahani yake. Juu yake kulikuwa na yai dogo la kahawia, lililochemshwa, limepinda kidogo upande mmoja.

"La Kiguu," alisema Bibi. "Sikuchagua. Wewe ni mtu wa nyumbani."