Breki Iliyokataa Kuachia

Sundus aliteremsha breki ya mkono, akaipandisha, akaiteremsha tena kwa hasira. Gari likajikokota kidogo, likazama mkia kama limeshikwa shati kwa nyuma, likazima. Gati la Mokowe lilikuwa limefurika: wachukuzi na magunia ya viazi, punda, mashua za Amu zikigombea abiria. Na yeye, na buibui lake jipya lenye ushanga kwenye mikono, amekaa katikati ya harufu ya kuungua.

"Teremsha breki, Bi!"

Sauti aliijua. Jeilani, nahodha wa boti ya kasi, alikuwa ameinama dirishani na kikoi chake cha zambarau, ananukia udi kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Imeteremka. Una macho."

"Mbona gari lanuka?"

"Liulize. Si wewe hodari wa kuuliza?"

Juma lililopita mama yake Jeilani na makhalati zake, ndugu za mama, walikwenda Wiyoni, mtaa wa kina Sundus kisiwani Amu, kumposa. Baba yake Sundus alishatangulia mbele ya haki, na wa kuwapokea wageni ni ami yake, Abdulkadir, anayekaa Witu. Sundus akavuka alfajiri kwenda kumchukua na gari hili kuukuu la marehemu. Kurudi, gari likawa zito, gurudumu la nyuma likafuka moshi, ikawa ni kusimama na kulipoza, kusimama na kulipoza. Simu nayo ikazima. Walipofika nyumbani, halua ilikuwa imebaki peke yake kwenye sinia. Wageni wamekwenda zao wamevimba kwa hasira.

"Umemdharau mama yangu," Jeilani alimwambia kwa simu jioni ile.

"Gari liliharibika."

"Amu nzima wakichelewa huharibikiwa na mashua. Wewe peke yako una gari!"

Akamkatia simu. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Leo ami amechoka kungoja, ataka kurudi kwake, na Sundus ametangulia kulijaribu gari. Ami akishaondoka, hakuna wa kuipokea posa. Jeilani alilijua hilo; ndiyo maana hakuondoka dirishani.

"Toa jeki," alisema.

"Kikoi kitachafuka, bwana harusi wa watu."

"Toa jeki, Sundus."

Waliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, wakainua nyuma. Sundus alilizungusha gurudumu la kulia: likazunguka. La kushoto likakataa, na rimu ikamchoma vidole.

"Hili hili lililofuka moshi," alisema. Akaingia ndani, akafungua kifuniko cha breki ya mkono, akalegeza nati kwa spana ya marehemu. "Haya, zungusha!"

"Bado!"

"Nimelegeza mpaka mwisho!"

"Na mimi nakwambia bado!"

Jeilani akajilaza chini ya gari, akahangaika huku akitaja majina ya Mola, mpaka akaichomoa ncha ya waya wa breki kule kwenye gurudumu. Gurudumu likazunguka jepesi. Sundus akachuchumaa, akaushika waya, akauvuta. Ukaja. Akauachia. Haukurudi.

"Gurudumu halina kosa," alisema. "Waya umeshika kutu ndani ya mpira wake. Ukivutwa waenda, ukiachiwa wabaki huko huko." Akamtazama. "Nani aliliegesha gari hapa kabla yangu?"

Jeilani alijipangusa uso, akajipaka grisi zaidi. Alikuwa ameliazima gari kwenda kijiji cha Hindi kubeba mbao, kisha akaliacha hapa gatini masika yote.

"Mimi."

"Uliivuta breki mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Lisije likaingia baharini."

"Hapa pana mteremko gani?"

Akaitazama ardhi. Ilikuwa sawa kama mkeka.

"Nililifunga kama boti," alisema taratibu.

"Gari la gatini huachwa kwenye gia, jiwe nyuma ya tairi. Nilikwambia ukanicheka. Waya umekaa umekazwa mvua nzima, chumvi yaula, halafu mimi ndiye mwenye dharau!"

"Laazizi..."

"Usinilaazizi."

Jeilani akachomoa simu, akampigia mama yake pale pale, akaiweka sauti juu. "Mama, ni mimi niliyeharibu. Breki niliifunga mimi. Sundus hakumdharau mtu."

Mama yake, Bi Radhiya, akajibu kwa sauti kavu: "Sawa. Lakini sisi ndio tuliokaa tukingojea. Aje aniombe radhi, tutarudi."

Jeilani akaifunika simu kwa kiganja. "Neno moja tu, roho yangu. Kwa ajili yangu."

Gari sasa lilikuwa jepesi, na safari iliwezekana hata bila waya ule. Ami angeweza kufika Witu kabla ya magharibi. Sundus alilishusha gari kwenye jeki, akaingia, akaweka gia, akatoka. Akaokota jiwe, akalisukumiza nyuma ya tairi kwa kiatu. Ndipo akauondoa mkono wa Jeilani kwenye simu.

"Mama, shikamoo. Ami yuko Wiyoni, hasafiri. Kesho alasiri mnakaribishwa, kwa heshima zote. Lakini mimi nilikuwa ndiani namleta mzee wangu awapokee nyinyi. Radhi siombi."

Jeilani akafumba macho.

"Na halua," Bi Radhiya akauliza, "ni ile ile ya siku ile?"

"Mpya, mama. Na kahawa ipo. Radhi ndiyo siombi."