Mlaji wa Jiji

Kila siku, saa saba mchana, kengele ya kwanza ilipolia, jiji la Singida lilinyamaza. Mitambo ya upepo iliendelea kuzunguka vilimani, lakini watu waliketi pale walipokuwa, wakatoa vipokezi mifukoni na kuvibandika nyuma ya masikio. Mbele ya kila mmoja palikuwa na bakuli la uji wa lishe, ule uji wa kijivu wa kiwandani usio na chumvi, usio na sukari, na usio na haya. Walishika vijiko, wakasubiri.

Katikati ya Uwanja wa Alizeti, ndani ya kibanda cha vioo, kijana mwembamba aliyevaa taji la nyaya alinyanyua kipapatio cha kuku kilichong'aa kwa rojo jekundu, akakiuma. Ngozi ilivunjika kwa mlio. Papo hapo, vinywani mwa watu laki nne, uji uligeuka kuwa kuku wa Kikorea: gamba jembamba lililokaangwa mara mbili, nyama laini yenye majimaji yake, kisha pilipili iliyochachushwa, kitunguu saumu na asali ya nyuki wadogo, vyote vikifukuzana ulimini. Wazee walifumba macho. Mafundi waliokuwa juu ya minara walilamba vidole visivyo na kitu.

Mashine iliyofanya muujiza huo iliitwa Kinasaladha. Ilikaa chini ya meza ya kijana yule, ikinasa kila hisia iliyopita katika mishipa yake ya fahamu na kuirusha kwa mawimbi hadi kwenye vipokezi. Ilibuniwa baada ya ugonjwa mpya wa mdondo kufyeka kuku wa dunia nzima. Singida, mji ambao zamani ulisifika nchi nzima kwa kuku wake, ulibakiwa na banda moja lililolindwa na askari, nalo lilitoa kuku mmoja kwa siku. Wahandisi walisema kuku mmoja hawezi kugawiwa watu laki nne, ila ladha yake inaweza. Watu wakapiga makofi, maana mwenye hamu haulizi mashine inafanyaje kazi.

Kijana aliyekuwa akila aliitwa Mkumbo Msengi, na cheo chake kilikuwa Mlaji wa Jiji. Aliyemkaangia ni dada yake, Eliwaza. Mama yao alifariki Mkumbo akiwa bado anatambaa, na Eliwaza, mwenyewe msichana tu, ndiye aliyemlea. Enzi hizo kuku walikuwa bado wapo, na mtoto alipoangua kilio dada yake alikuwa na dawa moja: "Nyamaza, mdogo wangu, nitakupa kipapatio." Mkumbo alinyamaza. Alijifunza kunyamaza vizuri mno, hata ukubwani hakuna aliyewahi kuona chozi lake.

Kukaanga, Eliwaza alifundishwa na Mama Yun, mpishi aliyefuatana na Wakorea waliokuja kujenga mitambo ya upepo. Kazi ya kuchinja na kukatakata iliachiwa roboti iliyoitwa Mkatio, iliyopasua kuku pamoja na mifupa yake katika vipande vidogo vidogo. Eliwaza aliikubali roboti hiyo kwa yote isipokuwa nyongo. Mwaka wa kwanza iliipasua, na mchana ule Mkumbo alipouma kipande cha kwanza, jiji zima lilitema kwa pamoja. Wakubwa kwa wadogo, meya na walinzi wake, pyuu! Watu walicheka mwezi mzima. Mkumbo peke yake hakucheka. Alimwambia dada yake kwamba alitema kabla hata ulimi wake haujasikia uchungu, na Eliwaza hakulitilia maanani. Tangu hapo nyongo aliitoa kwa mkono wake na kuiweka katika kikombe cha bati dirishani ipelekwe maabara, kwa kuwa sheria ilikataza kutupa sehemu yoyote ya kuku.

Asubuhi ya Siku ya Jiji, sikukuu kubwa kuliko zote, Eliwaza alikuwa amemaliza kukaanga mara ya kwanza. Vipande vilipumzika juu ya wavu vikitoa mvuke wake, kama Mama Yun alivyoagiza: kuku asipopumzika, gamba halitalia. Mkumbo akaingia jikoni, chumba kilichopakana na kibanda cha vioo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekuja huku? Utanuka mafuta mbele za watu."

Mkumbo hakutabasamu. Alisimama karibu na karai, mikono ameificha kwapani.

"Watu wamepiga kura," alisema. "Leo wanataka nivunje mifupa. Nitafune na kufyonza uboho. Wanasema kuku kuachwa na mfupa wake ni kuwadharau wazee."

"Mifupa hii? Imekatwa na Mkatio, imekaangwa mara mbili, ni vigae vitupu! Kataa."

"Siwezi kukataa, dada. Ndiyo maana nimekuja." Alipunguza sauti. "Juzi nilishiba. Nikataka kuweka kipande chini. Mkono ukagoma. Ukakipeleka mdomoni wenyewe, na taya likatafuna. Nilikuwa naangalia tu. Nikasikia kama watu wamejaa humu ndani, wananisukuma niwapishe."

 Eliwaza alizima jiko, akamwita Mhandisi Kihwele, msimamizi wa Kinasaladha, mtu mpole aliyependa kusafisha miwani yake kila alipoulizwa swali gumu.

"Uchovu, dada Eliwaza," alisema, akisafisha miwani. "Mawimbi yanatoka kwa Mlaji kwenda kwa watu. Hayarudi. Mto haupandi mlima."

"Basi apumzike leo. Mto utamsubiri."

"Siku ya Jiji? Uwanja umejaa. Na akishaungwa na watu unajua sheria: taji halivuliwi mpaka kengele ya pili, watu wote wakishabandua vipokezi. Ukilivua kabla, au ukizima mashine, ubongo wake unaungua. Kwa hiyo tusianze kitu tusichoweza kukatiza."

"Si ndiyo nasema tusianze!"

Kihwele alivaa miwani, akatazama saa, akatoka. Mkumbo alimfuata, kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyamaza.

Eliwaza aliwasha moto upya. Mafuta ya alizeti yalipopata joto kali alirudisha vipande karaini, akasikiliza mlio wake ukipanda, kutoka mzito hadi mwepesi. Siku nyingine mlio huo ulimfurahisha. Sasa ulimtia hofu. Aliviopoa, akavipaka rojo, akapitisha vidole katika kila kipande akitafuta vigae vya mfupa. Alitoa kimoja, akatoa kingine. Alikuwa bado anapapasa paja kengele ilipolia, na dirisha la kupitishia chakula likafunguka lenyewe na kuivuta sahani.

Mkumbo alikula kipapatio, uwanja ukaguna kwa raha. Alikula kidari. Kisha akashika paja, akala nyama yote, akaweka mfupa kati ya magego na kuuvunja. Kelele za furaha zilipasua anga, maana kulikuwa na watu wazima pale ambao hawakuwahi kusikia mfupa ukivunjika kinywani mwao tangu utotoni.

Eliwaza, ambaye hakuvaa kipokezi akiwa kazini, ndiye aliyekuwa akiuangalia uso badala ya kuifurahia ladha. Aliona macho ya mdogo wake yakitoka. Alimwona akishika koo. Hakukohoa. Mabega yalipanda, yakashuka, na sauti haikutoka.

Mfupa umemkwama!

Alitazama nje kupitia vioo akitaka kupiga kelele za msaada, na alichokiona kilimwogofya kuliko chochote maishani mwake. Uwanja mzima ulikuwa umeshika koo. Na uwanja mzima ulikuwa unameza. Kila mtoto wa nchi hii amefundishwa hivyo: ukikwamwa na mwiba, meza tonge uusukume. Watu walikuwa wamechota uji vijiko tele, wakimeza kwa nguvu kuondoa mwiba ambao haukuwa kooni mwao. Na kila walipomeza, koo la Mkumbo lilimeza pamoja nao, na mfupa ukazama zaidi.

"Inarudi," alisema Kihwele, aliyekuwa amerudi jikoni mbele ya vipimo vya mashine, uso umempauka. "Mungu wangu, inarudi. Tuliona dalili mwaka jana, tukadhani..."

"Waambie wateme!"

Kihwele alishika kipaza sauti, lakini sasa koo lake nalo likaanza kumeza, kwa sababu nyuma ya sikio lake kilikuwepo kipokezi kama cha mtu mwingine yeyote. Maneno hayakupita.

Midomo ya Mkumbo ilianza kubadilika rangi. Eliwaza alijua kitu kimoja tu kilichowahi kulifanya jiji lile liteme. Alikwapua kikombe cha bati dirishani, akapiga mlango wa kibanda kwa bega, akamwinamisha mdogo wake mbele. Alimpanua taya kwa vidole, akaminya nyongo yote juu ya ulimi wake.

Kitambo kidogo hakukutokea kitu. Kisha watu laki nne walitema kwa pamoja. Mlio wake ulitikisa vioo. Tumbo na kifua cha Mkumbo vilijikunja kwa nguvu ambayo haikuwa yake, na kigae cha mfupa kiliruka pamoja na damu, kikagonga meza. Alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi mbaya yenye mkoromo, na kwa Eliwaza hapakuwa na sauti nzuri kuliko hiyo.

"Basi, basi," alimwambia, amemkumbatia. "Yameisha. Mhandisi, wameshabandua? Nimvue taji?"

Kihwele alikuwa akikohoa, kipokezi chake amekwisha kukibandua, akitazama vipimo vya mashine. 

"Hapana," alisema. "Ni mimi tu. Huko nje hakuna hata mmoja."

Kihwele aliwaamuru kwa kipaza sauti wabandue, lakini hakuna aliyetii. Nje, watu walikuwa wakijifuta midomo kwa viganja. Walikoroga uji. Walishika vijiko upya, wakageuza nyuso kuelekea kibandani, na Eliwaza alielewa walichokuwa wakisubiri. Uchungu ulikuwa bado ulimini. Walitaka kipande kitamu cha kuufuta.

Mkono wa kulia wa Mkumbo ulianza kusogea kuelekea sahani.

"Dada, si mimi," alisema.

Eliwaza aliisukuma sahani ile ikaanguka na kumwaga kuku wote sakafuni, kosa ambalo lingeweza kumpeleka jela. Mkono ulipapasa meza tupu. Ulipokosa kitu, uligeuka, ukaanza kupanda kuelekea mdomoni, vidole vimejaa rojo, na mdomo ukafunguka kuvipokea. Meno yale yaliyovunja paja la kuku! Eliwaza aliudaka mkono kwa mikono yake yote miwili, akauning'inia kwa uzito wake wote. Ulikuwa mkono mwembamba wa mtoto aliyemlea, aliyemkata kucha na kumfundisha kufunga vifungo, lakini ulimnyanyua kama kitambaa. Miguu yake iliteleza kwenye mafuta. Vidole viligusa midomo.

"Naogopa," alisema Mkumbo, na macho yake yakajaa maji. Papo hapo akayabana, akameza mate, akanyamaza kama alivyofundishwa. Chozi moja lilikuwa limekwisha kutoka. Lilishuka shavuni, likapita pembeni ya pua, likaingia mdomoni.

Mbele kabisa ya uwanja alikaa bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani, bakuli mapajani. Kijiko chake kilisimama hewani. Alipitisha ulimi juu ya mdomo, mara moja, kisha tena. Hakuna mtu mzima asiyeijua ladha ile. Bibi alinyanyua uso akatazama kibandani, na safari hii hakutazama sahani, alimtazama kijana. Alimtazama kwa muda. Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio lake, akabandua kipokezi.

"Mmoja," alisema Kihwele. "Mmoja ametoka."

Katika mkono aliokuwa ameung'ang'ania, Eliwaza alihisi nguvu ikipungua kidogo, kidogo mno, kama mtu mmoja ameachia kamba inayovutwa na kijiji kizima. Laki nne kasoro wawili walikuwa bado wanavuta. Mkumbo alikuwa ameuma mdomo, kidevu kinamtetemeka, amelizuia chozi la pili kwa nguvu zake zote zilizobaki.

Eliwaza alilaza paji la uso wake juu ya shavu la mdogo wake. 

"Usininyamazie tena," alimwambia. "Nilikukosea. Lia, mdogo wangu. Lia mpaka wote waonje."