Mbingu ya Lubugo

Haya yalimpata kaka yangu Norman, askari jela wa Jinja, mwaka ule wa tisini na saba nyota yenye mkia ilipoonekana. Mkewe Nangobi, msanii, alikuwa anatengeneza mbingu ndani ya kanisa la zamani pale mjini. Alitandaza lubugo, nguo ya magome ya mti, chini ya paa lote, akaitoboa matundu madogo, akaweka taa juu yake. Watu wangelala mikekani mchana kweupe na kutazama nyota za usiku.

Lubugo huzuia mwanga vizuri. Ila kwetu Basoga ndiyo tunayowavika maiti, na wazee wakanung'unika. Wifi akawajibu kwamba zote ni mpya.

Kikapungua kipande kimoja, juu ya altare. Norman akaenda Budondo kwa bibi yetu, Jjajja Nabirye, aliyekuwa mgonjwa kitandani, akachukua lubugo aliyojiwekea kwa mazishi yake. Aliniambia anaazima tu. Nikamcheka: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jjajja akafariki wiki hiyo hiyo. Lubugo ilikuwa imeshatobolewa, ingerudishwaje? Ndugu walipoitafuta, Norman alisema panya wameila. Tukamzika kwa mashuka. Niliumia sana, maana bibi yule ndiye aliyetulea, na alichotaka kwetu ni kitu hicho kimoja.

Jumapili, baada ya ibada, watu walijaa. Milango ikafungwa, taa zikawashwa. Nililala mkekani kati ya Norman na wifi. Kusema kweli, ilipendeza.

Kisha nyota za juu ya altare zikaanza kuzimika. Moja. Nyingine. Nangobi akanong'ona kwamba balbu zimeungua. Lakini giza lile lilikuwa na kichwa. Lilikuwa na mabega. Magoti yalikuwa yamekunjwa.

Nguo ikabonyea. Kitu kilikuwa kinajigeuza juu yake, kama mgonjwa anayetafuta ubavu wa kulalia.

Norman akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya barafu.

"Ni jjajja," akanong'ona. "Anasema baridi iko mingi."

Mimi sikusikia sauti yoyote.

Akainuka, akaifuata ngazi ya kutundikia nguo, iliyobaki kando ya altare. Nangobi akamvuta shati.

"Wacha, bwana. Utakufa."

"Mimi nilichukua. Mimi narudisha."

Akapanda. Alipoigusa nguo, lile giza likateremka mikononi mwake. Likamfunika. Hatukumwona tena. Nyota zote zikawaka, na ngazi ilikuwa tupu. Nangobi akaanza kulia taratibu.

Tulipotazama tena, Norman alikuwa anashuka, lubugo amekunja kifuani.

Tuliipeleka Budondo siku ile ile. Akaungama mbele ya ndugu, wazee wakafukua kidogo, wakamlazia bibi nguo yake, tukaomba. Nilishusha pumzi. Nilijua kaka yangu amepona.

Wakati wa kurudi alitangulia njiani, jua la jioni upande mmoja. Kivuli chake kilianguka kirefu juu ya vumbi. Kilikuwa na matundu. Madogo madogo, na kila tundu lina mwanga wake.

Norman anakula, anaenda kazini, anatania watu. Mkewe hataki jambo hilo litajwe. Juzi Norman alinitembelea hapa Mbale, akasimama mlangoni, jua mgongoni, akanisalimia vizuri tu. Nikatazama sakafuni. Matundu yameongezeka, na kichwa hakina kivuli tena.