Kipande cha Yai cha Bogumila

Kipande cha yai kilikuwa kimeng'atwa. Panya hakati hivyo. Zilikuwa alama za meno, zimepangana vizuri, ila ndogo mno kuwa za mtu mzima, na nyumbani mle hamkuwa na mtoto.

Ilikuwa asubuhi ya Pasaka. Kengele za Napoli zilikuwa zinapigiana kelele, na vichochoro vya mtaa wa Sanità vilifurika watu hadi wenye pikipiki walishuka wakazisukuma. Jagna, msichana wa Kipolandi aliyekuja kusomea ukarabati wa picha za kale, alikuwa amebaki na Donna Titina, mjane aliyempangisha chumba. Wenzake wa chuo walishakwenda makwao. Yeye alikuwa na mtihani, basi akaamua kwamba kama hawezi kwenda kwao, kwao kutamfuata. Jumamosi alichemsha yai kwa maganda ya vitunguu, akalipeleka kanisani kwenye kikapu. Padri, ambaye tangu azaliwe hajaombwa kubariki kifungua kinywa cha mtu, alicheka, lakini akalinyunyizia maji ya baraka.

Kwao yai hilo hukatwa vipande, kila aliye mezani akala chake. Jagna alimweleza Donna Titina kwamba waliogawana yai la Pasaka hawapotezani: ukipotea njia, wakumbuke uliokula nao, na miguu itakupeleka kwao. Donna Titina akasema watu wa Napoli hula keki, na kupotea wanapotea tu, wameshazoea.

Kipande cha tatu kilikuwa cha mama yake, Bogumila. Baba alifariki mwezi wa Novemba, na hii ilikuwa mara ya kwanza mama kula Pasaka peke yake, kwenye ile nyumba yao ya pembezoni mwa mji wa Sanok. Jambo hilo lilimuuma Jagna kuliko alivyokuwa akisema. Alimpigia mama simu ya video, akaiegemeza kwenye chupa, akavuta kiti cha tatu na kuweka mbele yake kisahani chenye kile kipande.

"Hicho chako, mama. Karibu mezani."

Kisha akaichukua simu na kutoka roshanini, amwonyeshe mama ule umati uliojaa chini. Waliongea, wakacheka, wakaagana. Aliporudi ndani, ndipo alipokiona kile kipande kimeng'atwa.

Donna Titina alikuja na birika la kahawa, akatazama kisahani, akarudi kuzima jiko. Alipokaa tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulimkaribisha nani, mwanangu?"

"Mama."

"Ulimtaja jina?"

"Nilisema mama tu."

"Basi aliyekuwepo ndiye aliyeitikia."

Ikabidi Donna Titina amweleze, kwa kunong'ona na jicho moja mlangoni. Chini ya nyumba za mtaa ule kuna visima vya zamani, na kutoka humo hupanda jini wa kimo cha mtoto, amevaa joho la mtawa. Huficha kiatu, huvunja sahani. Unamwachia mkate mlangoni, unanyamaza, mnaishi. Lakini mezani hakaribishwi, kwa sababu akikaa mezani hujiona ndugu. Donna Titina alitaka kile kipande kitupwe papo hapo. Jagna akakataa. Kwao kilichobarikiwa hakitupwi, hata ganda lake, na mama yake angeumwa roho akisikia. Akakifunika kwa bakuli.

Jumatatu ya Pasaka mtaa mzima ulihamia mashambani kula na kunywa. Donna Titina, asiyependa nyasi, alikuwa amelala chumbani kwake. Jagna alikuwa kitandani na vitabu vyake, mchana kweupe, akajishangaa kwamba anasikia saa ya ukutani ikigonga, maana tangu ahamie pale hajawahi kuisikia. Halafu ikaja harufu ya tope la kisimani. Halafu miguu mitupu, imelowa, ikakanyaga vigae vya ukumbini taratibu, ikasimama mlangoni kwake, na Jagna aliona kitasa kikishuka kidogo na kurudi, kikishuka na kurudi, kama cha mtu ambaye mkono wake haukifikii vizuri, na kutoka upande wa pili, chini kabisa, karibu na sakafu, sauti ya mama yake, ile ile yenye mafua yasiyoisha, ikamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu Napoli aliyelijua.

"Jagusia. Fungua, mwanangu. Nimekula, sasa nataka kulala."

Hapo ndipo akapiga kelele.

Donna Titina alimwita kupitia roshani Zia Nunziata, mganga wa ghorofa ya chini, ambaye naye hapendi nyasi. Alipanda akiwa na aproni yake, akalalamikia ngazi, kisha akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji. Matone yalijikusanya yakawa kama jicho moja, nalo likasogea hadi ukingo unaotazama kiti cha tatu.

"Amekaa hapo," alisema Zia Nunziata. "Sikiliza, binti. Fungua bakuli, umwambie sehemu hii ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Basi. Usiongeze neno."

Jagna akafunua.

"Sehemu hii ina mwenyewe. Si wewe."

Kiti kililia kidogo. Ile sauti yenye mafua ikasema polepole, kwa huzuni, "Jagusia, unamfukuza mama yako?"

Nani angevumilia? Jagna alishikwa na hasira iliyopita hofu. "Wewe si mama," alisema. "Mama yangu ni Bogumila, yuko Sanok, na kipande hiki ni chake."

Zia Nunziata alimziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalishatoka. Kiti kikarudi nyuma chenyewe. Miguu ikakimbia ukumbini, ikashuka ngazi, na harufu ikaondoka nayo. Kisahani kilikuwa kitupu.

Donna Titina alilia kwa furaha, akakata keki. Zia Nunziata hakuonja. Aliosha sahani yake, akamwambia Jagna ampigie mama yake mara moja. Simu iliita bila kupokelewa, jioni ile yote.

Mama alipokea asubuhi, mchangamfu kuliko alivyokuwa tangu Novemba.

"Niwie radhi, sikuisikia simu. Nililala vizuri ajabu. Halafu nikuambie, jana nimekuta kipande cha yai mezani, kwenye kisahani. Akili yangu siku hizi, nilikisahau. Kilikuwa kimeng'atwa kidogo."

"Umekifanya nini, mama?"

"Nimekila. Kukitupa si dhambi?"

Jagna alifumbua mdomo amwambie atoke nje, aende kwa jirani, akimbie. Nyuma ya mama yake, kutoka jikoni kule Sanok, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiita kwa upole.

"Mama, njoo mezani."

"Naja, mwanangu," mama alijibu kwa furaha, akaiweka simu chini.