Kitambaa cha Mourine na Kompyuta Iliyochoka

Nyumbani kwa Wilkister, kule Mwihoko, kufungua kompyuta na kuteka maji zilikuwa kazi za wakati mmoja. Kila jioni Mourine, mdogo wake Wilkister, aliondoa kitambaa kilichofunika kompyuta. Aliinua kifuniko chake polepole. Kisha alichukua mtungi, akaenda kwenye tangi la ploti, la wapangaji wote, akapanga foleni, akajaza maji na kurudi. Akitua mtungi, kile kiduara kwenye skrini bado kilikuwa kinazunguka.

"Hii kompyuta ukiiuliza jina leo, inakujibu kesho," Wilkister alikuwa akisema, huku akivua viatu vya kazi.

Ilikuwa laptopu ndogo nyeusi, tayari imetumiwa na wengine. Mourine aliiheshimu sana. Aliacha shule darasa la sita, mama yao alipougua, na hakuwahi kugusa kibonyezo hata kimoja. Lakini mikono yake ilijua kufuma. Siku laptopu ilipoletwa nyumbani, alifuma vitambaa viwili vya uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee na manjano. Kimoja kilikuwa kinene kama godoro la mtoto. Laptopu ililala juu ya hicho. Kingine kiliifunika. Katika nyumba ile kila kitu cha thamani kilivaa kitambaa. Viti vilivaa, televisheni ilivaa, hata chupa ya chai ilivaa. Kompyuta ingeachwaje uchi?

Wilkister alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Kwa miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kusokota nyuzi. Jioni miguu yake ilivimba, na Mourine alimwekea maji ya vuguvugu kwenye beseni.

Wiki hiyo alirudi na habari.

"Wanatafuta supavaiza wa sehemu yetu," alisema. "Mtihani ni Jumamosi saa nne asubuhi. Unafanywa kwenye kompyuta, kila mtu kwake. Maswali ishirini, dakika thelathini."

"Si uende saiba, kwenye kompyuta za kukodi, dada?"

"Wanataka uwe peke yako kwenye chumba, kamera inakuangalia. Saiba kuna watu mpaka mgongoni. Na ni mara moja tu. Ukikwama, umekwama."

Kulikuwa na mtihani wa kujipima. Wilkister aliujaribu siku ya Jumatano. Mourine alikaa kando, akikunja nguo bila sauti. Swali la kwanza lilifunguka. La pili lilichukua dakika nzima. Feni ya kompyuta ililia kama nyuki ndani ya mkebe. Wilkister alipofika swali la sita, maandishi mekundu yalitokea. Muda ulikuwa umekwisha.

"Na nilikuwa nayajua!" Wilkister alisema. "Yawa, Mourine, yote nilikuwa nayajua!"

Alifunga kifuniko. Hakulia. Alitia tu miguu kwenye beseni, ingawa maji yalikuwa yameshapoa.

Kesho yake Wilkister alipokwenda shifti ya asubuhi, Mourine aliifunga laptopu ndani ya kitambaa chake. Aliibeba kifuani kama mtoto mchanga mpaka kwa Kui, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Alisimama nje kwa muda mrefu. Watu watatu walikuja, wakahudumiwa, wakaenda zao.

"Wewe wa kitambaa!" Kui aliita. Alikuwa msichana wa Kikuyu mwenye miwani na mdomo mwepesi. "Unalinda hapo ama unangoja kualikwa?"

Mourine akacheka kidogo, macho chini. "Ni kompyuta ya dada. Inakwenda pole sana. Ana mtihani Jumamosi."

"Haya, leta mgonjwa." Kui alifunua kitambaa. Aligusa tumbo la laptopu, akaondoa mkono haraka. "Haiya! Hii ina homa. Mnaizima saa ngapi?"

"Hatuizimi. Tunaifunga tu."

"Tangu lini?"

Mourine alifikiri. "Tangu Pasaka."

"Ngai! Na huu ni mwezi wa kumi!" Kui alishika kichwa. "Sikiza, dadangu. Ukifunga kifuniko, nyingi hazizimiki. Zinasinzia tu. Kila kitu ulichofungua kinabaki kichwani mwake. Mtu asiyelala tangu Pasaka anaweza kufanya mtihani?"

Kui aliizima kabisa. Akahakikisha haijachomekwa kwenye umeme.

"Sasa naifungua. Hii hapa usijaribu nyumbani, niachie mimi. Nyingine zote nitakazokuonyesha, utafanya mwenyewe."

Alifungua skrubu moja moja, akainua bamba la chini. Mourine akasogea bila kujua kwamba amesogea.

Hakuwa amewahi kufikiri kama kompyuta ina ndani. Alichokiona kilimfanya ashike mdomo. Kulikuwa na kibao cha kijani, na juu yake njia nyembamba za dhahabu, mamia kwa mamia. Zilipinda, zikaachana, zikakutana tena, na hakuna moja iliyopotea njia. Hata kitambaa chake kigumu kuliko vyote, kile cha maua arobaini, kilikuwa mchezo wa mtoto mbele ya kazi hii.

"Nani alifuma hii?" alinong'ona.

Kui alitabasamu. "Swali zuri. Unaona hiki kitu kidogo kama ukucha? Hapa ndipo inafikiria. Kwa sekunde moja inafanya hesabu nyingi kuliko idadi ya watu wote wa Kenya."

"Sekunde moja?"

"Moja. Ndiyo maana inapata joto. Na hii feni ndiyo inaipepea. Ikizidi joto, inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Sasa angalia feni yenu."

Mourine aliangalia. Feni ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya maziwa, lakini haikuonekana vizuri. Ilikuwa imevaa blanketi la vumbi. Kui alilivuta kwa kibano. Lilitoka zima, zito, na ndani yake mlikuwa na pamba nyeupe na nyuzi za rangi mbili, damu ya mzee na manjano.

Uso wa Mourine ulipata moto. "Hiyo nyeupe ni pamba ya kiwandani. Dada hutundika ovaroli yake ukutani, juu ya kompyuta. Na hizo nyingine..." Aligusa uzi wa manjano. "Hizo nyingine ni zangu. Ni mimi niliyeiharibu."

"Hujaharibu. Umeipenda vibaya tu," Kui alisema. "Ona haya matundu chini ya tumbo. Ndiyo pua yake. Iliwekwa juu ya kitambaa kinene, ikawa inavuta hewa kupitia sufu. Ukimfunika mtu pua kwa leso nzuri, atakushukuru?"

Mourine alitikisa kichwa.

Kui alisafisha feni kwa brashi laini, akafunga bamba, akaiwasha. Kisha akaisukuma mbele ya Mourine.

"Sasa wewe."

"Mimi? Mimi niliachia darasa la sita."

"Kwani imekuuliza cheti? Weka kidole hapo."

Mourine aliweka kidole. Mshale mdogo ulisogea kwenye skrini. Alipokwenda kushoto, ulikwenda kushoto. Aliuondoa mkono akautazama kama si wake. Akaurudisha.

Kui alimwongoza mpaka kwenye orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Mourine aliisoma polepole, herufi kwa herufi. Zilikuwa kumi na moja.

"Kila asubuhi zote zinaamka na kutaka chai pamoja," Kui alisema. "Ile ya kulinda virusi tunaiacha. Hizi za muziki na michezo zilale. Mtu akizihitaji ataziita."

Mourine alizima moja, mbili, saba. Yote yalikuwa kubonyeza tu.

"Na hii je?" aliuliza. "Imeandikwa kwamba inaongeza kasi."

"Hiyo ndiyo mwizi aliyevaa sare ya polisi! Nani aliiweka?"

"Dada. Ilijileta yenyewe kwenye intaneti ikasema kompyuta yake ni mgonjwa."

"Ikijileta hivyo, usiikubali. Hiyo hatuilazi, hiyo tunaitoa kabisa."

Wakaitoa. Kisha Kui akamwonyesha mstari mwekundu. "Huo mwekundu unasema stoo imejaa. Kompyuta inataka nafasi ya kugeukia. Kuna nini humu?"

Zilikuwa video. Mourine alifungua moja. Ilikuwa siku ya kumzika mama yao, kule Ugenya. Video hiyo hiyo ilikuwa imehifadhiwa mara tatu.

"Hatufuti kitu ambacho mwenyewe hajasema tufute," Kui alisema kwa upole. "Mpigie dada."

Wilkister alipatikana wakati wa chakula cha mchana. Kelele za mashine zilisikika nyuma yake.

"Uko wapi? Kwa fundi? Wewe Mourine, uliongea na nani?"

"Niliongea mwenyewe," Mourine alisema. Alieleza kuhusu video.

Wilkister alisogea mbali na mashine. "Moja ibaki. Na ingine iwekwe kwenye flashi. Zile video za kwaya za mwaka juzi, futa."

Walifanya hivyo. Wakamaliza kwa kumwaga pipa la takataka la kompyuta, kwa sababu kitu kilichofutwa hukaa humo, bado kinakula nafasi. Mwisho Kui akasema, "Izime. Kisha iwashe. Na uhesabu."

Mourine alibonyeza kitufe. Alianza kuhesabu moyoni. Alipofika kumi na tisa, skrini ilikuwa imejaa mwanga, picha zote ziko mahali pake, kimya. Feni haikulia hata kidogo.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Inakungoja wewe."

Jioni ile Wilkister alirudia mtihani wa kujipima. Maswali yalifunguka moja baada ya jingine, mara tu alipobonyeza. Aligeuka akamtazama mdogo wake kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye. "Umeifanya nini?"

"Nimeiacha ipumue," Mourine alisema. Akamwambia na masharti. Kompyuta ikae juu ya ubao mgumu. Ovaroli itundikwe mlangoni. Izimwe kila usiku. Na wakati wa mtihani ufunguliwe ukurasa mmoja tu, siyo kumi.

Jumamosi saa nne asubuhi, Wilkister alijifungia ndani. Mourine alikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, akilinda mlango. Saa nne na dakika tano, jirani yao Opiyo aliwasha redio kwa nguvu, kama kawaida yake. Mourine alikuwa ameishi hapo miaka miwili bila kumwambia neno zaidi ya habari ya asubuhi. Aliinuka. Akaenda chini ya dirisha lake.

"Kaka Opiyo, tafadhali punguza. Dada yuko kwenye mtihani."

Opiyo alitoa kichwa dirishani, mdomo wazi. "Kumbe huyu msichana ana sauti!" Lakini alizima redio.

Mlango ulifunguka mapema. Wilkister alisimama pale, jasho usoni.

"Imekwama?" Mourine aliuliza, mkono kifuani.

"Nimejibu yote ishirini. Nikayapitia tena. Dakika nne zilibaki, nikakosa la kufanya."

Baada ya wiki mbili jina la Wilkister lilibandikwa kwenye ubao wa kiwanda. Sasa yeye ni supavaiza. Hutembea kati ya mashine akiwa na daftari, na akichoka hukaa. Lile beseni siku hizi ni la kufulia.

Vitambaa navyo havikutupwa. Mourine alivifua akaviweka kwenye viti viwili vya wageni. Kimoja alikikalia Kui alipokuja kunywa chai, na akasema hajawahi kukalia kitu laini hivyo.

Siku iliyofuata, jioni, Mourine alikuwa peke yake. Kui alikuwa amemwambia kwamba kwenye kompyuta mtu anaweza kuona jinsi wafumaji wa nchi za mbali wanavyofuma. Alibonyeza kitufe. Kisha, kwa mazoea, akachukua mtungi, akaelekea mlangoni.

Kabla hajagusa komeo, mwanga ulitanda ukutani. Aligeuka. Kompyuta ilikuwa imeshaamka juu ya ubao wake, uso wazi, haina kelele, ikimngoja.

Mourine alitua mtungi mtupu, akavuta kiti.