Mchi wa Mita Themanini na Nne

Kila nikitoka shule nilimpelekea baba chakula kwenye banda la kampuni, chini ya kilima chetu karibu na Mhunze. Baba alikuwa mlinzi pale. Mashine ilichoronga ardhi kutafuta nikeli, na mwamba ulitoka chini ukiwa vipande virefu vya mviringo kama mchi, vya kijani iliyokolea, laini ajabu. Vilipangwa kwenye trei kwa kufuata kina chake.

Mimi na tamaa yangu! Mchi mdogo wa mama wa kupondea karanga ulikuwa umevunjika. Baba alipogeuka kunawa mikono, nikachukua kipande kimoja, nikakificha kwenye kapu. Nyumbani nikasema nimekiokota mtoni.

"Asante, Vumilia. Jiwe zito kweli hili," mama alisema. Baba hakuliona, maana alikuwa akirudi karanga zimeshapondwa.

Siku ya tatu alirudi mapema. Aliketi kwenye kigoda, akavua kofia ya ulinzi, akaishika tu, akiitazama.

"Kipande cha mita themanini na nne hakipo," alimwambia mama. "Nikeli wanayoitafuta hushika sumaku, na hicho ndicho kilichoshika kuliko vyote. Wanasema nimekiuza. Kisipopatikana kesho, kazi imekwisha."

"Mayo wane, mama yangu! Wewe, mwizi?" Mama aliendelea kuponda karanga, tu, tu, tu, kwa jiwe lile lile. Niliona aibu. Mboga ya mgagani ilipoiva, baba hakuonja. Machozi yakanitoka.

"Baba, ni mimi. Ndilo hilo analopondea mama."

Mama akaliachia likaanguka. Baba hakunipiga. Heri angenipiga.

Asubuhi tulilipeleka. Mjiolojia, Bi Naznin, alilisogezea sumaku, ikanasa papo hapo. Akalirudisha kwenye pengo lake. Upande mmoja ulishikana vizuri na kipande jirani. Upande wa pili ulikuwa umechubuka, unanuka karanga.

"Mzee Masalu, tunakuomba radhi. Kazi yako ipo," alisema. "Ila funguo za banda atakaa nazo mwingine."

"Sawa, bosi," baba alijibu, akainamisha kichwa.

Tulipofika getini alinishika bega.

"Mwanangu, kilikosekana kipande kimoja tu, wakanitilia shaka mimi mzima. Umesema kweli, ndiyo maana bado nina kazi. Ungeisema siku ile ile, ningekuwa bado nina funguo."