Uji Hausubiri Amina

Mpishi wa shule aliamka kabla ya jogoo, maana jogoo wa mtaa ule alikuwa mvivu. Alipuliza moto mpaka machozi yakamtoka, akateleka sufuria kubwa, akakoroga unga usishike madonge. Watoto walimwita Mama Upawa. Upawa wake ulikuwa na mpini mrefu, uliweza kumfikia mtundu aliyejificha nyuma ya mwenzake.

Utaratibu wa uji ulikuwa hivi. Kengele inalia. Watoto wanapanga mstari na vikombe vyao. Mwalimu Mkuu anasimama mlangoni mwa jiko, anafumba macho, anaomba sala ya dini yake. Hiyo ndiyo dini ya wengi pale mtaani, na ya Mama Upawa pia. Sala yenyewe ilikuwa ndefu, uji uliota utando kabla haijaisha. Mwisho watoto wanaitikia "Amina", na upawa unaingia sufuriani.

Juu ya hapo Mama Upawa aliongeza sheria yake. Alitazama midomo. Asiyeitikia alirudishwa nyuma ya mstari. Na nyuma ya mstari, mwanangu, hakuna uji. Kuna ukoko na harufu.

Msichana mmoja wa darasa la tatu alikuwa mwenyeji wa huko nyuma. Baba yake alikuwa fundi saa. Watu wa dini yao walikuwa wachache, wakikutana kuomba sebuleni kwake, katikati ya saa zilizokufa na zile zinazopata nafuu. Wenzake walimwita Gundi, kwa sababu midomo yake haikufunguka wakati wa sala.

"Gundi, leo ukoko tena?" walimtania. "Utaota meno ya chuma."

"Kwani ukisema Amina utavunjika jino?" Mama Upawa alimwuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi sema."

Mtoto alitazama vidole vyake vya miguu. Mama Upawa aliona huo ni ukaidi, na ukaidi dawa yake ni njaa. Aliamini hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Asubuhi moja mtoto aliitikia, tena kwa sauti. Mama Upawa alifurahi, akamjazia kikombe pomoni.

"Umeona? Leo Mungu amekugusa."

"Si Mungu, bibi," mtoto alijibu. "Ni njaa."

Akaenda kukaa karibu na bomba. Aliushika uji mpaka ukapoa, kisha akampa mwenzake. Mama Upawa alimfuata, upawa ukidondosha uji njiani.

"Mbona hunywi?"

"Nimemdanganya Mungu ili niupate. Nyumbani tunafundishwa, ukiomba, usiseme usichokiamini."

Kesho yake hakupanga mstari kabisa. Alikunywa maji ya bomba akarudi darasani. Wakati wa hesabu alilala juu ya dawati. Mwalimu alimwamsha, akalala tena.

Habari hiyo ilimfikia Mama Upawa, na jioni ile aliacha chakula chake mezani. Alikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta. Shemeji alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Tena ndiye aliyeongoza nyimbo katika nyumba yao ya ibada. Alikuwa barazani, akipiga kiatu rangi. Mama Upawa alimweleza yote.

"Shemeji," alisema karani, "unga wa shule unanunuliwa na nani?"

"Na serikali."

"Serikali inalima?"

"Hailimi. Inakula kodi zetu."

"Na fundi saa akinunua sabuni, halipi kodi?"

"Analipa."

"Basi uji ni wa mwanawe kama ulivyo wa wengine. Wewe umemwekea kizuizi barabarani."

Mama Upawa alikunja uso. "Kwa hiyo unataka tumfukuze Mungu shuleni?"

"Nani mwenye ubavu huo? Siku ya mtihani hata wasiojua kuomba wataomba. Mtoto anayetaka kusali asali, hakuna wa kumkataza. Kinachokatazwa ni mtu wa serikali kumlazimisha. Serikali haisali, shemeji. Wanaosali ni watu. Mwenye kengele, mwenye fimbo, mwenye upawa, akiwa kazini, ni wa watoto wote."

"Mimi serikali? Na mshahara huu?"

"Mbele ya mtoto mwenye njaa hakuna serikali kubwa kuliko upawa." Alikigeuza kiatu. "Mwalimu Mkuu akihamishwa, akaja mwingine wa dini nyingine, akawataka wajukuu zetu waitikie sala yake ndipo wale, utasemaje?"

"Nitampindulia sufuria."

"Umejijibu mwenyewe."

Asubuhi Mama Upawa alimkuta Mwalimu Mkuu ofisini. Hakukaa. Alimwambia kwamba tangu leo uji hausubiri Amina.

"Hiyo ni desturi ya shule," Mwalimu Mkuu alisema. "Na wahenga walisema wengi wape."

"Wengi wamepewa, mwalimu. Aliyenyimwa ni mmoja, na aliyemnyima ni mimi."

"Kazi yako ni kupika."

"Ndiyo. Na kukagua midomo si kupika. Nimeacha."

"Naweza kutafuta mpishi mwingine."

"Tafuta. Ila mpaka umpate watoto watashinda njaa, na hapo utasikia sala za kweli."

Kengele ililia. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni mwa jiko, akafumba macho. Alipoyafumbua, vikombe vya mbele vilikuwa vimeshajaa.

"Hatujaomba," alisema.

"Anayetaka aombe, mwalimu. Mimi nagawa."

Mwalimu Mkuu aliita kamati ya shule, akitumaini itamkaripia. Karani alikwenda na shemeji yake. Afisa elimu naye aliitwa, akasema palepale kwamba mpishi hana kosa. Chakula na masomo ni haki ya kila mtoto, bila kuulizwa dini. Wanaotaka kusali pamoja watapewa chumba wakati wa mapumziko, na dini ndogo ipewe chumba sawa na kubwa. Mtoto aende kwa hiari yake, asipigwe asipokwenda wala asipewe zawadi akienda. Mwalimu Mkuu aliuliza maswali mengi, hasa kuhusu wengi. Mwishowe alikubali, shingo upande.

Lakini msichana hakurudi kwenye mstari. Hakuamini. Mama Upawa alikwenda mpaka bombani, akachuchumaa kwa taabu, magoti yakilia.

"Nilikukosea, mjukuu wangu. Nilikufanya useme uongo. Njoo unywe, hutaulizwa kitu."

"Hata nikinyamaza?"

"Hata ukinuna."

Mtoto alitabasamu kidogo, akaja. Wengine waliomba kwa sauti, wengine kimya, wengine walipigana viwiko. Yeye alifumba macho, akasema yake moyoni, akanywa kwa pupa mpaka akaungua ulimi. Siku zilizofuata hakulala tena kwenye hesabu. Mwalimu wake alilalamika kwamba sasa anauliza maswali kupita kiasi.

Siku moja, wenzake wakiwa wameshatawanyika, alirudi mlangoni mwa jiko.

"Bibi, uji uliobaki unampa nani?"

"Mwenye kikombe," Mama Upawa alisema. "Lete."